Jembe Si Adhabu: Kilimo Endelevu katika Shule ya Msingi



Jambo nililokuja kulitetea ni hili: mtoto hatajifunza kuitunza ardhi kwa kazi asiyoielewa, asiyoshirikishwa kuipanga, na ambayo mavuno yake hayaoni. Tukitaka kilimo endelevu kiingie kwenye vichwa vya watoto wetu wangali wadogo, kwanza tulitoe jembe kwenye orodha ya adhabu, kisha tuligeuze shamba la shule kuwa darasa.

Waulizeni watu wazima waliosoma katika shule zetu za msingi wanakumbuka nini kuhusu shamba la shule. Wengi watawaambia kwamba aliyechelewa namba alipelekwa kung'oa visiki, aliyepiga kelele darasani alipimiwa eneo la kulima, na aliyesahau jembe nyumbani alichapwa kabla ya kupimiwa eneo lake. Mahindi yalipokomaa yalivunwa, yakapakiwa, yakaondoka. Ni wachache watakaowaambia waliambiwa kwa nini walipanda kwa nafasi ile, au mavuno yalikuwa magunia mangapi. Zana inayomlisha mzazi nyumbani ilikuwa mwenzake wa fimbo shuleni. Halafu tunashangaa kijana wa darasa la saba akisema yeye hataki kazi ya udongo.

Udongo upatilize ungali maji, wahenga walisema. Ubaya ni kwamba tuliupatiliza kweli, ila tukaufinyanga vibaya.

Tulikotoka

Wapo wanaosema kosa hili lilianza na Elimu ya Kujitegemea. Si haki. Fikra kwamba shule ya Mwafrika iegemee kilimo ni ya zamani zaidi. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikihimiza elimu inayofungamana na maisha ya kijijini, na serikali ya mkoloni ikaanzisha bustani na mashamba katika shule nyingi. Watu wengi waliiona kuwa elimu ya daraja la pili, ya kumfanya Mwafrika abaki mkulima huku mtoto wa Mzungu akisomea uongozi. Wasiwasi huo ulikuwa na msingi, na hadi leo haujaisha vijijini.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitaka kila shule iwe jumuiya inayozalisha. Lakini aliweka masharti. Shamba la shule lisiwe la mitambo ambayo mwanakijiji hawezi kuinunua. Lifanane na mashamba ya watu wanaoizunguka shule, ila lilimwe kwa maarifa zaidi. Wanafunzi washiriki katika maamuzi. Waone uhusiano kati ya jasho lao na maisha yao. Sisi tulichukua shamba tukayaacha masharti. Tulilolirithisha kwa watoto ni kazi ya shokoa iliyovikwa jina la elimu.

Tukio la karibu na hapa Morogoro linatufundisha jambo hilo hilo kwa upande wa watu wazima. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya mkoloni iliwaamuru wakulima wa milima ya Uluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwani mvua za milimani hubeba udongo kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, ilisimamiwa kwa faini, na mahali pengi matuta yalifukia udongo wa juu wenye rutuba yakaleta juu udongo usio na kitu. Watu walilima zaidi wakavuna kidogo. Mwaka 1955 wananchi wa Uluguru walichachamaa, polisi wakaitwa, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Kwa miaka mingi baadaye, neno matuta lilinuka katika vijiji vile.

Sasa tazameni Machakos nchini Kenya. Huko nako mkoloni alianza kwa amri, na watu walichukia. Ila baada ya uhuru wakulima wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vyao vya mwethya, waliichukua njia iitwayo fanya juu: unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima na kuutupia udongo upande wa juu, na miaka inavyokwenda shamba linajitengeneza ngazi. Waliendelea nayo kwa sababu waliona maji yakibaki shambani, waliona mazao ya kuuza, na hakuna aliyewasimamia kwa kiboko. Vilima vilivyotangazwa katika miaka ya 1930 kuwa vimekufa, leo vinalimwa na watu wengi zaidi ya wakati ule.

Mfano wa tatu ni wa Wamatengo wa Mbinga, ambao hawakungoja amri ya mtu. Kwa vizazi wamelima milima mikali kwa ngolo. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana ili kuunda miraba. Udongo hufukuliwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofunikwa huoza zikawa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Mtoto wa Kimatengo hakujifunza ngolo kwa kupimiwa eneo. Alijifunza kwa kusimama kando ya mama yake, akiuliza na kujibiwa.

Uluguru amri ilishindwa. Machakos na Mbinga uelewa umedumu. Shule ichague ifuate njia ipi.

Shamba dogo kuliko tulivyozoea

Nikisema shamba liwe darasa, wengine hufikiri nataka ekari nyingi. Nataka kinyume chake, na hesabu zinanisaidia.

Chukueni shule yenye watoto 600. Kila mtoto akipata uji wa gramu 100 za unga, siku moja inahitaji kilo 60. Ekari moja ya mahindi, kwa mavuno ya tani 2 kwa hekta, ambayo wakulima wengi wadogo hawayafikii, inatoa kilo 800 hivi. Hizo ni siku 13 za uji, hata kabla hatujatoa pumba. Kwa ajili ya siku hizo 13 watoto watakuwa wamelima, wamepalilia, wamevuna na kupukuchua, na vipindi vingapi vimepotea?

Kwa hiyo shamba la shule halitailisha shule. Chakula cha mchana cha watoto ni jukumu la wazazi, halmashauri na taifa. Tusiliweke mabegani mwa watoto. Shamba la shule lipimwe kwa kile mtoto alichokijua. Na kwa kazi hiyo, meta 10 kwa 10 kwa kila darasa zinatosha kabisa.

Katika mraba huo mna somo la Hisabati tayari. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ni mimea mingapi? Mtoto wa darasa la tano atagawanya na kupata 444. Kisha atakwenda kuhesabu iliyoota kweli, aulize mingine imekwenda wapi, na kuanza kuchunguza kama ni mbegu, ndege, mchwa au ukame. Hapo ndipo sayansi inapoanza.

Masomo yaliyomo udongoni

Niruhusuni niingie shambani kwa undani kidogo, maana walimu wengi wananiambia wanakubali shabaha lakini hawajui Jumatatu asubuhi waanze na nini.

Anzeni na udongo wenyewe. Kila mtoto alete kiganja cha udongo wa kwao. Utieni kwenye chupa angavu, jazeni maji, tikiseni, ziacheni chupa dirishani hadi kesho. Mchanga utatangulia kuzama, tope laini litafuata, mfinyanzi utabaki juu. Mtoto wa bondeni na mtoto wa kilimani wataona kwamba udongo wao si mmoja, na wataelewa kwa nini bibi mmoja anasifu mpunga na mwingine mihogo.

Baada ya hapo, onyesheni mmomonyoko. Chukueni chupa tatu za plastiki zilizokatwa ubavuni. Moja iwe na udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa matandazo ya majani makavu, ya tatu udongo wenye nyasi zinazoota. Zilazeni kwa mteremko mmoja, mimineni maji sawasawa, kingeni kwa glasi yanayotoka. Maji ya chupa ya kwanza yatakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ya tatu yatakaribia kuwa safi. Nimewaona watoto wakinyamaza wakitazama glasi hizo. Hotuba ya saa nzima juu ya kuchoma majani shambani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Darasa la tano na la sita wajengewe fremu A: miti mitatu iliyofungwa, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Kwa kifaa hicho kisichogharimu hata senti, watoto wanaweza kupima mistari ya usawa kwenye mteremko wa shule na kuchimba makinga maji. Pembe, umbali na uwiano vinafundishwa humo humo.

Kisha mwachieni mtoto ang'oe mkunde mmoja taratibu na kuosha mizizi. Ataona vinundu vidogo. Avipasue kwa ukucha. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Vikiwa vyeupe au vya kijani, kazi hiyo haifanyiki. Baada ya siku hiyo hutahitaji kumkaririsha kwa nini mahindi hufuatana na kunde, maharage, choroko au mbaazi.

Mboji nayo ina maarifa yake. Majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo na maji, tabaka juu ya tabaka. Chomekeni kijiti katikati ya lundo. Baada ya siku chache kikitoka cha moto, viumbe vidogo vinafanya kazi. Kikitoka baridi na kikavu, ongezeni maji. Kikitoka na harufu mbaya, geuzeni lundo liingize hewa. Mtoto anasoma lundo kama daktari anavyosoma homa, na anajua la kufanya bila kungoja mwalimu.

Wadudu wasisahaulike. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata walikuwa wameshafika mashambani kwetu. Macho ya mtoto wa miaka kumi yanawaona mapema kuliko yetu: mayai yaliyorundikana kwenye jani, kinyesi mfano wa unga wa mbao kwenye moyo wa mmea wa mahindi, herufi Y iliyopinduliwa usoni mwa kiwavi na madoa manne mkiani. Darasa likizungukia mraba wake mara mbili kwa wiki, likahesabu mimea iliyoshambuliwa na kuwaokota viwavi wangali wadogo, limejifunza kwamba mkulima huanza kwa kuangalia kabla ya kukimbilia duka la dawa. Lakini nasisitiza: mtoto hashiki kamwe dawa ya kuulia wadudu, hachanganyi, hapulizi, wala haoshi bomba lake.

Na mbegu. Kabla ya msimu, viringisheni mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabuni zilizoota baada ya wiki moja. Hiyo ndiyo asilimia, na haitasahaulika. Mwaka wa pili, pandeni mbegu zilizotunzwa kutoka mahindi ya kawaida kando ya zile zilizorudishiwa kutoka mahindi chotara. Watoto wataona wenyewe jinsi kizazi cha pili cha chotara kinavyopishana kimo na kushuka nguvu, na wataelewa uamuzi mgumu unaowakabili wazazi wao kila msimu dukani.

Shamba haliishii kwenye kuvuna

Tunapofundisha kilimo huwa tunakomea kwenye mavuno. Chakula kinachooza ghalani kimetumia udongo, maji na jasho bure, na kingine hugeuka sumu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 maradhi hayo yaliua watu Dodoma na Manyara. Kuvu hiyo hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu.

Hili nalo mtoto anaweza kulipima. Mahindi kidogo na chumvi iliyokaushwa vizuri huwekwa ndani ya chupa kavu ya glasi na kutikiswa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya ardhi tupu. Mtoto anayeujua mtihani huo anaweza kwenda nao nyumbani jioni ile ile na kuokoa familia.

Hatimaye, watoto wale walichopanda. Mchicha uko tayari kwa wiki tatu au nne. Majani ya kunde yanachumwa mapema, kabla hata ua halijatoka. Wavulana kwa wasichana wachume, waoshe, wapike, wagawane. Na kuchota maji kusiwe kazi ya wasichana peke yao. Kama kuna cha kuuza, watoto wenyewe waandike kwenye daftari la shamba kimeuzwa kiasi gani na wao waamue fedha itumike kwa nini. Daftari hilo liwe wazi kwa mzazi yeyote anayetaka kulisoma. Mwalimu anayebeba mavuno ya watoto kwenda nyumbani kwake amefundisha somo pia, na litakumbukwa kuliko mengine yote.

Majibu kwa wenye shaka

Nasikia mara kwa mara kwamba muda hautoshi. Ratiba imejaa, ni kweli. Ndiyo maana sitaki kipindi kipya. Niliyoyaeleza hapo juu ni Sayansi, Hisabati, Jiografia na Mazingira, na Kiswahili pia, mtoto anapomhoji babu yake juu ya mbegu za zamani na kuandika ripoti. Mitaala yetu mipya inadai mtoto ajenge umahiri. Kuutafuta umahiri wa kilimo ubaoni ni kujidanganya.

Wa mijini husema hawana ardhi. Viroba vilivyojazwa udongo na mboji, vikapangwa kando ya ukuta, vinaotesha mchicha na nyanya Kariakoo sawasawa na Kilosa. Wengine huuliza kuhusu likizo. Pangeni mazao kwa kalenda: ya muda mfupi yakamilike kabla ya kufunga shule, na msimu unaovuka likizo uwe na zamu ya wazazi wanaokaa jirani. Maji yakiwa haba, bustani iwe ndogo zaidi na matandazo yaongezwe. Jirani zetu wa Kenya wana vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofifia kwa miaka mingi vikafufuliwa rasmi mwaka 2021. Hatuna sababu ya kungoja waraka ili kuwaunganisha watoto wachache wenye moyo na mzee mmoja wa kijiji anayejua kazi.

Shaka nzito zaidi ni ya mzazi anayesema: nilimpeleka mwanangu shule ili asiwe kama mimi. Mzazi huyo asibezwe. Amelima maisha yake yote na kuona bei ikipangwa na wengine. Tumjibu kwa heshima kwamba hatumfungi mtoto shambani. Daktari, mhasibu, mbunge na dereva wote wanakula, na nchi ambayo viongozi wake hawajui udongo unavyochoka itapitisha sheria zinazouchosha zaidi. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Na mlaji asiyejua chakula kinatoka wapi hawezi kumtetea anayekilima.

Pia sheria iko upande wetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za kinyonyaji kwa watoto. Dakika 40 za kupima, kuhesabu na kupalilia mraba wa darasa ni elimu. Asubuhi nzima ya kulima shamba la mtu mwingine, au la mwalimu, ni unyonyaji, hata kama anayelima anavaa sare ya shule.

Ninayowaomba

Walimu wakuu, ondokeni hapa na uamuzi mmoja: kuanzia muhula huu, hakuna mtoto katika shule yenu atakayeadhibiwa kwa kulima, kufyeka wala kumwagilia. Mnaofundisha madarasa ya chini, anzeni na mchicha na chupa za udongo. Wa madarasa ya juu, chukueni meta 10 kwa 10 na daftari. Kamati za shule, ulizeni katika kila kikao mavuno ya shamba yameandikwa wapi na watoto wamekula nini. Wazazi, mtoto akirudi na chupa ya chumvi na swali kuhusu mahindi yenu, mpeni mahindi na msikilizeni.

Na ninyi vijana wa vyuo vya ualimu, mtakapopangiwa shule, mtakuta jembe limeegemezwa nyuma ya ofisi kando ya fimbo. Litenganisheni na fimbo siku hiyo hiyo, kisha muwaulize watoto wangependa kupanda nini.